Msimamizi Anayerudi

Mji wa Kisangani uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, mahali ambapo mto Lualaba, ukiisha kuteremka maporomoko ya Boyoma wanapotega mitego yao wavuvi wa Kigenia, huacha jina lake la kwanza na kuitwa Kongo; na kwa kuwa mvua haikatiki huko mwezi wowote wa mwaka, mbu aenezaye malaria naye hana msimu wa kupumzika, na maradhi ambayo kwa watu wa nchi kavu huja na masika yakaondoka na kiangazi, kwa watu wa Kisangani ni jirani wa daima. Mji huo una komini sita, nazo ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani yenyewe na Lubunga iliyo ng'ambo ya mto. Sura hii inaitazama Kabondo, ambayo ni komini na pia ni zoni ya afya, yenye hospitali yake kuu ya rufaa na vituo vyake vya mitaani, kwa sababu katika vituo vya namna hiyo, wala si katika maabara za Ulaya wala katika kumbi za mikutano ya Geneva, ndimo inamoamuliwa kila asubuhi kama mtoto mwenye homa atatibiwa kwa haki au kwa kubahatisha.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba tunampeleka ugenini. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, alifanywa wali wa maporomoko hayo, na lugha iliyofika na misafara yake, pamoja na dhuluma nyingi zilizofuatana na misafara hiyo, ingali ikisemwa mjini humo hata leo sambamba na Kilingala. Homa nayo ilikuwa ikiwaangusha wapagazi na mabwana zao kwa insafu moja. Na leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nijeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Katika kila wagonjwa kumi wa ulimwengu mzima, mmoja na zaidi ni wa Kongo, na aghalabu anayekufa ni mtoto asiyetimiza miaka mitano.

Natutazame basi jambo lenyewe kwa karibu. Mama amefika kituoni alfajiri akiwa na mtoto mgongoni. Mwili wa mtoto unawaka, na usiku kucha hakunyonya. Muuguzi, ambaye huenda yuko peke yake zamu hiyo, anachukua kipimo cha haraka, kile kipande cha plastiki chenye vijishimo viwili, anamchoma mtoto ncha ya kidole, anakinga damu kiasi kidogo mno, sehemu tano tu za milioni ya lita, anaitia katika kijishimo cha kwanza, kisha anadondosha maji ya kipimo katika cha pili, na hapo anapaswa kungoja. Vipimo vilivyo vingi husomwa baada ya dakika 15 au 20, na dakika hizo ndizo zinazopotea kwanza pale foleni inapokuwa ndefu: kipimo kikisomwa baada ya dakika tano, mstari hafifu haujatokea bado, na mtoto mwenye malaria ataambiwa hana, kikisahauliwa mezani mpaka adhuhuri, mstari wa uongo unaweza kujitokeza, na asiye nayo ataambiwa anayo. Damu ikizidi kipimo, maji yakidondoshwa katika kijishimo kisicho chake, jina la mtoto lisipoandikwa juu ya plastiki wakati vipande sita vimepangwa pamoja, au boksi zima likiwa limehifadhiwa kwa miezi chini ya paa la mabati lenye kuchemka, chombo kizuri kilichogharimu fedha na akili nyingi hugeuka kuwa bahati nasibu. Makosa hayo si ya ujinga wala ya uovu. Hayaonekani na yule anayeyafanya, kwa sababu hakuna aliyesimama kando yake akamwangalia mkono.

Lakini tuseme kila kitu kimefanywa sawasawa, na mstari wa malaria haukutokea. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Muuguzi anasema, "Mama, damu ya mtoto haina malaria," na mama, ambaye amezika mtoto mmoja tayari kwa homa kama hiyo, anajibu kwa upole, "Muganga, tangu jana mwili ni moto. Unipe hata dawa ya malaria tu, nirudi nyumbani." Ni rahisi mno kumlaumu muuguzi anayetoa dawa hiyo. Alisomeshwa, kama ni mtu wa makamo, katika zama ambazo kila homa ya mtoto ilihesabiwa kuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kwa hakika hilo ndilo lililokuwa shauri la wataalamu wenyewe kabla ya Shirika la Afya Duniani kutoa agizo, mwaka 2010, kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Anaogopa kwamba kipimo kimedanganya na mtoto atakufa mkononi mwake. Anaogopa maneno ya mtaani. Na juu ya yote hayo, hana hakika nini kingine cha kumpa mtoto huyu, kwani kipimo kimemwambia ugonjwa ambao mtoto hana, hakikumwambia ule alio nao.

Tanzania iliyaona haya kwa uchungu kabla ya wengi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 4,474 waliolazwa katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki ya nchi hiyo na kutibiwa kwa malaria kali walichunguzwa upya damu zao kwa hadubini na mafundi mahodari, ikadhihirika kwamba waliokuwa na vimelea hawakufika hata nusu. Na lililo zito zaidi ni hili: kati ya wale waliokuwa na malaria kweli walifariki takriban 7 katika kila 100, ilhali kati ya wale wasiokuwa nayo walifariki 12. Yaani dawa ya malaria, ambayo kila mmoja aliiona kuwa ndiyo njia ya salama, ilikuwa kwao pazia lililoficha nimonia, au maambukizi ya damu, au homa ya uti wa mgongo, mpaka wakati ukapita. Miaka mitatu baadaye, vipimo vya haraka vilipopelekwa katika eneo lilo hilo, zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria walipewa dawa ya malaria vilevile. Boksi lilikuwa limefika, lakini imani haikufika pamoja nalo.

Katika Kisangani mushkili una upande wa pili, ambao mtu wa Unguja, ambako malaria imepungua hata imekuwa nadra, huenda asiufikirie. Mahali ambapo watu huumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu yake na asiugue kwavyo. Na vipimo vinavyotumika zaidi, kwa kuwa vinatafuta protini inayotolewa na vimelea wala si vimelea wenyewe, huweza kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo hata mstari ukitokea, muuguzi hana ruhusa ya kufunga macho. Madaktari waliochukua damu za watoto mahututi katika Kisangani na kuzilea maabara waliona mara kwa mara bakteria wa jamii ya salmonela, ambao hupenda kufuata nyuma ya malaria na upungufu wa damu, na ambao hakuna kidonge cha malaria kitakachowagusa. Kumpima mtoto pumzi, kumhesabia idadi yake kwa dakika nzima, kumtazama ubavuni kama ngozi inaingia ndani, kumfunua jicho kama ni jeupe, kumpima uzito: hayo hayahitaji umeme wala maabara, nayo ndiyo ya kwanza kuachwa mara mstari mwekundu unapotokea na muuguzi kuhisi kwamba kazi imekwisha.

Sasa, tangu miaka mingi, jawabu la serikali na la wafadhili kwa udhaifu wa namna hii limekuwa moja: semina na kitabu. Kongo iliacha klorokwini mwaka 2001 ikashika salfadoksini na pirimethamini. Mwaka 2005 ikahamia dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini. Baadaye ikaongezwa ile ya artemeta na lumefantrini, na kwa wagonjwa mahututi sindano ya artesuneti ikachukua nafasi ya kwinini. Kwa kila badiliko paliandikwa mwongozo, wauguzi wakaitwa mjini, wakaketi siku kadhaa, wakapewa karatasi, wakarudi. Mwongozo ukabandikwa ukutani, na ukutani ukabaki. Sisemi kwamba semina hazina faida. Nasema kwamba mtu hafundishwi ustadi wa mkono kwa kuonyeshwa picha yake mara moja.

Hili si dhana yangu. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi kubwa iliyokusanya mamia ya tafiti kutoka nchi zenye kipato kidogo na cha wastani, ikauliza ni mbinu ipi inayobadilisha kweli matendo ya wahudumu wa afya. Na hesabu yake inafaa kukaririwa katika kila ofisi ya afya. Kumpa muuguzi maandishi peke yake kuliongeza matendo sahihi kwa asilimia moja na kitu, yaani karibu na sufuri. Mafunzo peke yake, au usimamizi peke yake, viliongeza kati ya asilimia 10 na 16. Viwili hivyo vikiunganishwa, takriban asilimia 18. Uganda ilikwisha kuonja matunda ya muungano huo: tangu 2006 wahudumu wa kituo kizima, tabibu, muuguzi, fundi wa maabara na mwandishi wa takwimu, walifundishwa pamoja kama kundi moja, kisha wakafuatwa vituoni mwao baada ya wiki kadhaa, na watoto wasio na vimelea waliokuwa wakipewa dawa ya malaria, ambao mwanzo walikaribia nusu, wakapungua mpaka mmoja katika watano. Hata ule uchunguzi maarufu wa Kenya wa mwaka 2011, ambamo wauguzi walipelekewa ujumbe mfupi kila siku ya kazi katika simu zao na tiba ya watoto ikatengenea sana, naona siri yake haikuwa simu, bali ni kwamba kuna jambo lililomrudia muuguzi kesho, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata.

Kurudi, basi, ndicho kiini cha shauri langu katika sura hii, na ndicho kinachotofautisha usimamizi na ukaguzi. Ukaguzi tunaujua. Umetoka katika dola ya Wabelgiji, ambayo ilimfanya muuguzi wa Kikongo kuwa chombo cha kutekeleza amri, ikamkagua kama inavyokagua barabara na mashamba ya pamba, na ambayo ilipoondoka mwaka 1960 iliacha nchi pana kama Ulaya Magharibi ikiwa karibu haina daktari hata mmoja mwananchi aliyehitimu kikamilifu. Mkaguzi hufika bila kutazamiwa, hukagua daftari, hukosoa, huweka sahihi, huondoka. Na muuguzi aliyekaguliwa hivyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni namna ya kuandika daftari litakalompendeza mkaguzi.

Hata hivyo, katika zama zilezile, na karibu kabisa na Kabondo, palikuwa na mfano mwingine, wenye kasoro zake za kikoloni lakini wenye kufaa kutazamwa. Huko Yakusu, chini kidogo ya mto kutoka Kisangani, alifika mwaka 1920 tabibu wa misheni ya Kibaptisti, Clement Chesterman, ambaye aliona mapema kwamba daktari mmoja na hospitali moja haviwezi kuwahudumia watu walioenea katika misitu na kingo za mito. Alianzisha mafunzo ya wauguzi wa Kikongo, akafungua zahanati mashambani zilizoshikwa na wauguzi hao wenyewe, na madaktari wa Yakusu wakawa wakisafiri kuzitembelea. Ukatoka hapo pia, mwaka 1929, mwongozo wake wa zahanati za nchi za joto uliosomwa mbali sana na Kongo. Ninalolipenda katika habari hiyo si sifa za mzungu mmoja, bali kuelewa kwake kwamba zahanati ya mbali haisimami kwa sababu ina rafu ya dawa, inasimama kwa sababu kuna mtu wa juu yake anayejua jina la muuguzi, anayejua udhaifu wake, na ambaye mashua yake itaonekana tena.

Zoni za afya za Kongo ya leo zilirithi wazo hilo katika sura bora zaidi. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi iligawanywa katika zoni, zaidi ya 300 katika miaka ya 1980 na zaidi ya 500 siku hizi, kila moja ikiwa na ofisi kuu yake, daktari mkuu wake, na wauguzi wasimamizi ambao wadhifa wao ni kuvizungukia vituo. Kwa hiyo kazi tunayoisema haihitaji kubuniwa. Imo katika sheria na katika vyeo. Linalohitajika ni kuitimiza kwa maana yake.

Na maana yake ni hii. Msimamizi anafika Kabondo asubuhi, wagonjwa wakiwapo, wala si alasiri baada ya kazi kwisha. Haanzii kwenye daftari. Anaomba ruhusa ya muuguzi mkuu wa kituo na ya mama mwenyewe, anaketi kando, na anatazama mgonjwa mmoja akipokelewa tangu salamu mpaka kuagwa, bila kukatiza neno ila pale tu mtoto anapokaribia kudhuriwa. Mama akiisha kuondoka, ndipo msimamizi anaposema, na kwanza anataja lililofanywa vizuri, maana lipo daima. Kisha, ikiwa matone ya maji ya kipimo yalidondoshwa mawili badala ya matatu, hasomi kosa katika karatasi. Anasema, "Dada, hebu tusome hii karatasi ya boksi pamoja, maana boksi hili si la kampuni ile ya mwaka jana," kwa kuwa kweli idadi ya matone hutofautiana kwa aina ya kipimo, na muuguzi aliyezoea aina moja hana njia ya kuota kwamba nyingine inataka matone mengine. Mgonjwa wa pili anashughulikiwa naye msimamizi mwenyewe, muuguzi akimtazama, ili aonekane kwamba naye anahesabu pumzi kwa dakika nzima na hafanyi kwa kukisia.

Na endapo mgonjwa huyo wa pili ndiye yule ambaye mstari haukutokea, hapo msimamizi anafanya tendo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifanya: anakaa na muuguzi katika kutotoa dawa. Wanamchunguza mtoto pamoja, sikio, koo, kifua, mkojo ikiwezekana. Wanakubaliana kwamba hana dalili ya hatari. Wanamweleza mama kwa nini, na wanamwambia arudi siku ya pili, au mara moja akiona mtoto hanywi, anadegedeka au amelegea. Mama akirudi na mtoto amepoa, muuguzi amepata shahada ambayo semina kumi hazikumpa, kwa sababu ameona kwa jicho lake, akiwa na shahidi, kwamba kipimo kilisema kweli. Naamini kwa dhati kwamba imani katika matokeo yasiyo na malaria haijengwi kwa hoja. Inajengwa na mtu aliyeshiriki nawe khofu yake mara ya kwanza.

Baada ya wagonjwa ndipo daftari linapofunguliwa, na hapo msimamizi hodari hulisoma kama mwanafalaki asomavyo nyota. Tuseme kwa mwezi mmoja vimetumika vipimo 120, waliokutwa na malaria ni 70, na dawa mseto zilizotoka ghalani zimetosha watu 105, basi watu 35 wametibiwa bila ushahidi, na hakuna haja ya kumtuhumu yeyote, inatosha kuuliza, "Hawa ni akina nani?" Labda ni walioletwa na kliniki ya binafsi na majibu yao mkononi, labda ni jamaa wa wahudumu, labda vipimo vilikwisha tarehe 20 na kituo kikaendelea kwa kukisia mpaka mwisho wa mwezi, na hapo kosa si la muuguzi bali la ofisi iliyochelewesha mzigo, nalo msimamizi anaondoka nalo begani mwake kwenda kulitatua. Huu mzigo wa kurudi nao ni nusu ya kazi. Msimamizi anayekosoa chini tu na asiwe na la kupeleka juu ni mkaguzi aliyebadili jina.

Kuna chumba kimoja ambacho wasimamizi wengi hukipita haraka, nacho ni chumba cha waliolazwa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwamo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100, na waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walifariki 8 na nusu. Tofauti hiyo ni uhai wa watoto wengi mno. Lakini artesuneti ina adabu zake: unga wake huyeyushwa kwanza kwa maji yake maalumu yanayokuja nao, kisha huzimuliwa, kipimo hufuata uzito wa mtoto, na mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa zaidi kwa kila kilo, miligramu 3 badala ya 2 na pointi 4, sindano ya pili ni baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24, na mtoto akiweza kumeza, lazima apewe dozi kamili ya dawa mseto, la sivyo vimelea vilivyobaki vitarudi. Mizani ikiwa mbovu, zamu ya usiku ikiwa na mtu mmoja, au mama akiondoka mara mtoto anapofumbua macho, kila moja ya adabu hizo huvunjika. Aidha katika miji ya Kongo chupa ya maji ya kwinini inayoning'inia ina haiba yake, watu wameizoea na wanailipia. Na kituo ambacho wahudumu wake hawapati mshahara wa kutegemewa huishi kwa anacholipa mgonjwa.

Hapa lazima tuseme wazi, kwa kuwa kunyamaza ni kuwaonea wauguzi. Huwezi kumsimamia kwa adabu mtu ambaye unamkamua. Katika miaka ya shida vituo vingi vya Kongo vilitakiwa kupeleka sehemu ya mapato yao katika ofisi za juu, hata ziara ya msimamizi ikawa inangojwa kama inavyongojwa ziara ya mtoza kodi. Kisangani imepita katika shida zisizosimulika: mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji, raia mamia wakauawa ndani ya nyumba zao, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaiamuru Uganda, mwaka 2022, kulipa fidia ya dola milioni 325 kwa madhara iliyoyatenda Kongo. Katika vita vya miaka hiyo, wachunguzi waliohesabu vifo vya mashariki ya nchi waligundua kwamba waliouawa na risasi walikuwa wachache mbele ya wale waliokufa kwa homa, kuhara na nimonia, yaani kwa maradhi ambayo muuguzi mwenye dawa na mwenye msaada angeyaweza. Wauguzi waliobaki vituoni katika siku hizo hawakubakizwa na mshahara, na anayekwenda kuwasimamia leo aende akilijua hilo.

Gharama za ziara nazo ni halisi. Benin, baada ya kuwafundisha wahudumu wake tiba ya watoto, iliweka mpango mzuri wa usimamizi, ukashamiri kwa muda, kisha ukafifia. Waliotazama sababu zake wakakuta uratibu mbovu, uongozi dhaifu, na muda uliomezwa na shughuli nyingine. Tangu misaada ya Marekani ilipositishwa ghafla mwanzoni mwa mwaka 2025, wengi katika Kongo wanaona jinsi mambo yaliyoegemezwa juu ya mfuko wa mbali yanavyoweza kusimama kwa siku moja. Lakini Kabondo si kijiji cha siku tatu za mtumbwi. Ni komini ya mji, na kutoka ofisi ya zoni mpaka vituo vyake vingi mtu huenda kwa miguu au kwa pikipiki ya mitaani. Ikiwa ziara hazifanyiki hapo, udhuru wa umbali haukubaliki, na inampasa mwenye madaraka aeleze muda wa wasimamizi wake unakwenda wapi.

Tena liko jambo ambalo halihitaji hata pikipiki. Kila mwezi wauguzi wakuu wa vituo hukutana katika ofisi ya zoni wakiwa na ripoti zao, na kwa desturi mkutano huo ni wa kusoma tarakimu kwa sauti, kila mmoja akingoja zamu yake na kuomba isiwe ndefu. Ile kazi ya mwaka 2018 niliyoitaja ilikuta kwamba, katika mbinu zote, wahudumu waliokaa pamoja kulichambua tatizo lao wenyewe na kulitafutia dawa waliongeza matendo sahihi kwa asilimia 28 na zaidi. Tafiti za mbinu hiyo ni chache, na hesabu hiyo ichukuliwe kwa uangalifu, lakini inaelekeza njia. Mkutano wa Kabondo ungeweza kuchukua saa moja tu kwa swali moja: mwezi uliopita kila kituo kilikuwa na watoto wangapi ambao kipimo hakikuonyesha malaria, walipewa nini, na wangapi walirudi. Muuguzi aliyemnyima dawa mtoto wa mtaa wake na mtoto akapona awaeleze wenzake alimwambia nini mama yule. Na yule ambaye mtoto wake hakupona aeleze naye, bila kuogopa daftari la mtu, ili mwezi unaofuata msimamizi ajue aanzie ziara zake katika kituo gani.